Chupa Isiyo na Jasho

"Daktari, weka chini hiyo chupa!"

Maabara nzima iligeuka. Miaka ishirini na miwili Mzee Barafu alikuwa wa kuosha vyombo na kuleta barafu, basi. Hakuwahi kumwambia daktari hata afunge mlango. Leo amesimama na ndoo yake tupu, kidole kimeielekea chupa.

"Kuna nini, mzee wangu?"

"Maji ya kuoshea. Chupa haina jasho."

Jamani, aliyeshinda na barafu miaka yote hiyo haulizwi. Chupa iliyotoka kwenye baridi huloa nje. Hii ilikuwa kavu; mtu aliitoa mapema akaisahau mezani.

Na damu iliyokuwa mezani ilikuwa ya mdogo wake Mzee Barafu, wa kike, aliyelazwa wodi ya juu siku ya kumi na moja kwa homa isiyosikia dawa. Asubuhi daktari alimweleza: vijidudu vimejificha ndani ya chembe nyeupe za damu, wale askari waliovimeza wakashindwa kuviua. Dawa anayopewa inaishia nje. Iko nyingine, lakini inaweza kumuumiza figo, na daktari hathubutu kuianza mpaka aone kwamba kweli inaingia ndani ya chembe na kujazana humo. Damu ya kupimia ilikuwa hiyo hiyo moja. Mgonjwa hakuwa na ya kutoa tena.

Chembe zilikuwa zimelowekwa kwenye dawa hiyo nusu saa. Zilibaki kuoshwa, ili dawa ya nje iondoke.

"Ningeziosha kwa maji ya uvuguvugu," daktari alisema, akiiweka chupa chini, "na dawa ya ndani ingevuja yote."

"Halafu ungesema haikuingia."

"Ningesema haikuingia. Una dakika tatu, mzee. Kimbia!"

Alikimbia. Goti lake bovu lililia ngazi nzima, akalitukana kimoyomoyo. Aliporudi aliididimiza chupa kwenye barafu, akawa anaizungusha kwa mikono mitupu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Tayari?"

"Bado."

"Mzee, muda!"

"Bado, nimesema! ...Haya. Sasa."

Daktari akaosha, akaweka kwenye mashine ya kupimia. Mashine ikanguruma weee, kama haina haraka na mtu.

"Nje, moja," alisoma. "Ndani..."

"Ndani ngapi, mwanangu?"

"Kumi na nne. Imeingia, imejazana humo!"

Mzee Barafu alikaa juu ya ndoo na kulia waziwazi. Daktari alikuwa ameshatoka mbio.

Mzee alipofika wodini, dripu ya dawa mpya ilikuwa imetundikwa. Mdogo wake alifumbua jicho moja.

"Kaka, mbona umesimama huko na mikono kwapani?"

"Baridi. Subiri ipate joto kwanza."

"Lete hivyo hivyo."

Akauvuta mkono wake, akaulaza kwenye paji la uso lililokuwa likiwaka, akafumba macho. Juu yao tone la kwanza lilining'inia, likadondoka.