Marehemu Yupo Nje Anasubiri

Kumuua bibi lilikuwa wazo la bibi mwenyewe. Nalisema mapema, watu wasije wakamsingizia mjukuu wa watu.

Binti alikuwa amemaliza digrii ya uuguzi, akamaliza na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, akaingia katika lile jeshi la vijana wenye vyeti safi na viatu vilivyolika upande. Kila alikopeleka maombi, kimya, isipokuwa hospitali moja iliyomwita kwenye usaili. Mjomba wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alishatoa neno lake: usaili huu ukigoma, aje akae kaunta auze misumari, na asimletee habari za digrii. Si kwamba mjomba alikuwa mbaya. Tangu mwanzo alitaka binti asome stashahada, atoke mapema, ajitegemee. Ni bibi aliyekaza shingo kwamba mtoto atasoma digrii, kwisha maneno. Kwa hiyo kila wiki iliyopita bila kazi, mjomba alikuja kuwasalimu akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo wenzake wa chuo wakamtonya binti. Pale hospitalini, walisema, kuna swali moja ndilo linalokata mzizi wa fitina: kwa nini ulichagua uuguzi? Na jibu linalopita ni la bibi aliyeugua, ukamuuguza, akafia mikononi mwako. Wasaili wakisikia hivyo wanalainika wenyewe. Sasa bibi yake binti alikuwa mzima wa afya, ana meno yake, na mdomo ndio usiseme.

"Kwani tatizo liko wapi?" bibi aliuliza huku anachambua mchele. "Niue."

"Bibi, acha hizo."

"Niue, mke mwenza. Kwani nitakufa kweli?" Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa utani wao wa kumgombea marehemu babu. "Ila usinipe kuhara, nitakushitaki. Nipe moyo. Moyo ni ugonjwa wa watu wenye heshima zao."

Jioni ile wakafanya mazoezi. Bibi alijilaza kwenye kochi, akakunja uso, akakohoa mpaka jirani akauliza kulikoni. Binti akamwambia mgonjwa wa moyo hakohoi namna ile. Bibi akafumbua jicho moja. "Wewe umesoma, mimi nina kipaji. Endelea." Wakacheka hadi mbavu zikauma, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi binti alilala bila kufikiria misumari.

Siku ya usaili bibi akashikilia kwamba lazima amsindikize. Binti alijaribu kumweleza kwamba marehemu hatakiwi kuonekana eneo la tukio. Wapi. Bibi alivaa viatu vyake vya shughuli, akabeba mkoba, akaenda kukaa kwenye benchi la korido iliyonuka dawa ya kupigia deki, katikati ya vijana wenye bahasha. Hata hajapoa, ameshajua nani ni mtoto wa nani.

Ndani walikuwa wawili: muuguzi mkuu, mama mnene aliyening'iniza miwani kifuani, na afisa utumishi, kijana mwenye tai. Nafasi ilikuwa moja tu, wodi ya wanawake. Maswali ya kazi binti aliyapangua vizuri, kasi ya dripu, vidonda vya kulalia, mgonjwa anayekataa dawa ufanyeje. Kichwa kilikuwa kimetulia.

"Kwa nini ulichagua uuguzi?" akauliza muuguzi mkuu, na sauti yake ilikuwa imechoka kabla ya jibu.

"Bibi yangu," binti akaanza. Akasema ndiye aliyemlea. Akasema akiwa chuoni, zamu ikiisha mvua inanyesha, alikuwa akimkuta getini na mwavuli mmoja, na mwavuli wenyewe bibi alimfunika yeye, mwenyewe akaloa. Akasema siku alipotaka kuacha chuo, bibi hakumgombeza, alimpikia uji akakaa naye tu. Yote hayo yalikuwa kweli, nayo yalitoka bila taabu. "Halafu akaanza kuugua moyo. Na siku moja aka..."

Neno likagoma. Huko nje bibi alikuwa amechekeshwa na mtu, anacheka kile kicheko chake cha kupiga makofi. Binti akajaribu tena, likakataa kutoka. Haukuwa woga wa kuumbuka. Ni kwamba aliliona lile neno limesogea karibu na bibi yake, na hakulipenda hata chembe.

"Samahani," akasema, machozi yameshamtoka. "Bibi hajafa. Yupo nje, ndiye huyo anayecheka."

Afisa utumishi akaweka kalamu chini. Muuguzi mkuu akavaa miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Mwanangu, tangu asubuhi tunazika mabibi humu ndani. Wewe ndiye wa kwanza kumfufua. Haya, nipe ya kweli."

"Ya kweli, mimi nilitaka sheria, alama hazikutosha. Uuguzi alinichagulia bibi. Niliupenda mwaka wa pili. Kulikuwa na mama mmoja amepooza upande, hataki kuguswa na mtu. Nikawa namkata kucha, namtania kama ninavyomtania bibi. Akasinzia mkono wake umo mkononi mwangu. Nikaogopa kuutoa. Nikakaa hapo hapo."

Wakamwambia akasubiri nje.

"Umeniua vizuri?" bibi akanong'ona.

"Nimeshindwa."

Bibi akamtazama macho yale mekundu, akampa leso. Binti akaanza kuiona kaunta ya mjomba, na makopo ya misumari yamepangwa kwa ukubwa. Waliobaki wakaingia na kutoka. Mwisho afisa utumishi akachungulia mlangoni, akamwita binti. Jumatatu aripoti wodi ya wanawake.

Bibi akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja. Binti akamkumbatia, akamwomba radhi mlinzi, akabeba mkoba, akainuka waondoke. Bibi hakuinuka.

"Kwanza uniambie. Kabla hujakwama, ulisema nini juu yangu?"

"Mambo ya kawaida tu, bibi. Twende, nitakwambia nyumbani."

"Niambie hapa hapa." Bibi alipiga benchi kwa kiganja. "Siku nitakayokufa kweli utawaambia watu wengine, mimi nitayakosa."

Binti akakaa. Akaanza na mwavuli.