Kwenu Wapi

Celia Inasio alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza.

Aliupata kwa masista wa misheni, enzi ambazo mtoto akipindisha herufi alichapwa vidole kwa rula. Kwa hiyo mwaka 2004, mtaa wao ulio nyuma ya Magomeni, ile ya huku Kusini, ulipohitaji mtu wa kuandika daftari la kaya, hakuna aliyetaja jina lingine. Faraji, mwenyekiti wa mtaa, alimkabidhi kalamu mbele ya watu, wakampigia makofi, naye akaona haya kama bibi harusi.

Mtaa wenyewe, ukiwauliza watu wa ofisi ya ardhi, haukuwepo. Watu walikuwepo, kelele zao zilikuwepo, kura zao siku ya uchaguzi zilikuwepo sana tu. Lakini kwenye ramani palikuwa peupe, na mtu kapaandika kwa penseli maneno mawili: makazi holela. Basi peupe hapafikishwi bomba wala hapachongwi barabara. Mwanamke akishikwa na uchungu alisukumwa kwa toroli hadi kwenye lami. Mke wa Faraji alijifungulia humohumo torolini, mbele ya duka la mafuta ya taa, watu wakimzungushia kanga. Mtoto alikua vizuri, ila Faraji kila akiliona lile toroli alikuwa akiangalia pembeni.

Celia ndiye aliyeanza kwenda ofisini, na alikwenda miaka miwili. Kwanza aliambiwa hakuna bajeti. Safari nyingine akaambiwa kwamba watu wasio na haki ya kukaa mahali hawawezi kupimiwa viwanja, na haki hiyo hawataipata mpaka wapimiwe. Jibu hilo alilielewa akiwa njiani kurudi, akacheka peke yake hadi wapita njia wakamtazama. Mara ya mwisho wakamwambia tatizo ni fomu. Ya mtu mmoja kuomba kiwanja ipo, ya kampuni ipo, lakini ya mtaa mzima kuingia ubia na ofisi haijawahi kuchapwa. Fomu, jamani. Watu wazima na akili zao wamezuiwa na karatasi ambayo haipo.

Kilichofungua mlango ni kuhamia kwa Bwana Ardhi mpya, Emmanueli, mtu mwembamba aliyekuwa bado hajachoka. Yeye alisema kama fomu haipo, basi jambo lenyewe halijakatazwa. Wakakubaliana hivi: wakazi watafyeka, watabomoa wenyewe nyua na majiko yaliyoziba njia, na watafyatua mawe ya mipaka kwa saruji ndani ya makopo ya mafuta ya kula. Ofisi italeta mashine ya kupimia, ya kuazima kutoka Lindi, pamoja na fundi wake. Mwisho wa yote kila kaya itapata hati.

Kwa Celia hilo neno hati lilikuwa zito. Baba yake alivuka Ruvuma akiwa kijana, akaja kukata mkonge upande wa Mikindani, akaishi kambi ya manamba. Shamba likafungwa, wakaambiwa hama. Wakahamia kwingine, wakaambiwa hama. Mwisho mzee Inasio akasimamisha vyumba viwili vya udongo hapo mtaani, akaviezeka bati, na siku anakufa alimwomba binti yake jambo moja tu, kwamba mtu asije akamwambia tena hama. Mama yake alikuwa ameshatangulia. Mume alikwenda zake Pemba, ile ya Msumbiji, hakurudi. Celia alibaki na nyumba ile, basi.

Kazi ya daftari aliifanya na shoga yake, Sharifa binti Saidi. Walizaliwa kambi moja, nyumba za mstari mmoja, wamepishana wiki tatu. Wazazi wa pande zote mbili walitoka ng'ambo ya mto. Shuleni watoto walipomwita Celia Mmawia, jina la kuwasimangia watu wa ng'ambo, Sharifa ndiye aliyewashushia kipigo. Naye alikuwa Mmawia vilevile, ila kwa ngumi zile nani angethubutu kumwambia. Walipokuwa watu wazima wakajenga jirani, ukuta kwa ukuta, chumvi ikipitia dirishani.

Safu ya mwisho ya daftari ofisi ilikuwa imeipa jina: Asili. Celia aliitafsiri kama ambavyo yeyote wa pwani hii angeitafsiri. Alisimama mlangoni mwa kila nyumba akauliza, "Kwenu wapi?"

Sasa huku Kusini swali hilo halimuulizi mtu alikozaliwa. Linauliza ukoo wake ulianzia wapi, mababu wamezikwa wapi. Kuna watu wamezaliwa Magomeni na baba zao wamezaliwa Magomeni, hawajui hata rangi ya maji ya Ruvuma, lakini ukiwauliza kwao wapi wanakaa sawa kitini wakakutajia Mueda, ng'ambo ya mto. Ukiwaandikia Magomeni wanakasirika, kwa sababu umewafanya watu wasio na kwao, na tusi kubwa kuliko hilo hakuna. Celia aliandika alichoambiwa. Kila aliyejibu, Celia alimwambia, "Ahsante, Mungu akuweke," kisha akaenda nyumba ya pili.

Walipofika kwa Sharifa mwenyewe, kaya namba arobaini na moja, Sharifa alijifanya mgeni, akaketi kwenye kigoda na kukunja mikono.

"Andika Mueda," alisema. "Tena Mueda yenyewe, siyo nyie wa Nangade mnaokunywa maji na viboko."

Celia akaandika Mueda. Chini yake, namba arobaini na mbili, akajiandika mwenyewe: Nangade. Walicheka sana siku ile.

Daftari lilikaa kwa Celia mpaka wiki aliyoanguka na malaria. Sharifa alimpikia uji, akamfulia, na Jumatano ya wiki hiyo akalibeba daftari lililokwisha kujazwa yeye kulikabidhi ofisini, mwenzake apumzike. Celia alimwona ni ndugu.

Kisha kazi ikaanza. Jumamosi kwa Jumamosi watu walitoka na mapanga na majembe, wanawake wakibeba maji ya kukorogea saruji. Jiko la Celia lilikuwa limeingia barabarani hatua mbili. Alilibomoa kwa mikono yake kabla hajaambiwa, akapika nje masika yote, mvua ikimzimia moto. Hakujali. Siku fundi wa Lindi alipochimbia jiwe kwenye kona ya uwanja wake, Celia alilifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

Majina yalibandikwa asubuhi moja kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Celia alilitafuta lake kuanzia juu kushuka chini, halafu kuanzia chini kupanda juu. Halikuwepo. Namba zilitoka arobaini na moja zikaruka hadi arobaini na tatu. Wenzake ishirini na wawili nao walirukwa, na yeye, aliyeandika kila jina kwa mkono wake, alihitaji muda mfupi sana kujua wamefanana kwa nini. Wote kwenye safu ya mwisho walitaja ng'ambo.

Faraji alimweleza bila kumtazama. Alisema sheria hairuhusu kugawa ardhi kwa asiye raia, kwamba kamati ya mtaa iliitwa ofisini Alhamisi iliyopita, na kwamba akina mama waliwakilishwa na Sharifa. Alidhani Celia anajua.

Celia alirudi ubaoni. Namba arobaini na moja ilisomeka wazi: Sharifa Saidi. Hapo moyo ulimtulia kidogo. Kama Sharifa wa Mueda kapita, alijiambia, basi siyo ile safu, ni makosa ya karani tu, na makosa ya karani hurekebishwa. Alikwenda ofisini kwa miguu, njia nzima akipanga maneno.

Emmanueli alimkaribisha kiti. Alionekana mtu asiyelala vizuri siku hizo. Alimfungulia daftari lenyewe ukurasa wa tatu, na Celia akaona kwenye mstari wa arobaini na moja, mahali alipoandika Mueda, pameandikwa Newala, ya upande huu wa mto. Haukuwa mwandiko wake. Ile N iliyolalia ubavu aliijua tangu darasa la kwanza. Aliinua ukurasa usawa wa dirisha, na mwanga ukapita kwenye neno lile, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe hadi ikawa nyembamba. Mstari wa chini yake ulisomeka Nangade, safi, haukuguswa.

Maumivu aliyoyapata hapo hayakuwa ya nyumba. Nyumba alikuwa ameisahau.

Alimwambia Bwana Ardhi kwamba swali lililoulizwa siyo wanalodhani. Watu waliulizwa kwao, hawakuulizwa uraia. Wengi wa hao ishirini na watatu, yeye akiwemo, wamezaliwa upande huu wa mto.

"Sheria haina kwetu, mama," Emmanueli alisema. "Ina raia na asiye raia."

Kisha akamweleza, polepole, kwamba ramani haiwezi kwenda mbele mpaka mwandishi wa daftari asaini kila ukurasa kuthibitisha kuwa ni kweli. Likionekana na dosari litafutwa lote, mashine itarudi Lindi Ijumaa, na walio juu yake ofisini, ambao hawakuupenda ubia huu tangu mwanzo, hawataruhusu mwingine. Aliposema dosari macho yake yalikuwa dirishani. Celia akajua kwamba naye ameiona alama ya ule wembe.

Alichoweza kumpa ni njia moja. Aliyerukwa anaweza kuapa mahakamani kwamba alizaliwa nchini, akiwa na shahidi anayemjua tangu kuzaliwa, na shahidi huyo awe mtu aliyemo kwenye orodha. Ofisi itapokea viapo hadi mwisho wa mwezi, kisha viwanja vilivyobaki vitapewa wengine. Celia alimtaka aiandike ahadi hiyo na kugonga mhuri. Emmanueli akaandika, akagonga.

Celia akashika kalamu. Alilikumbuka lile toroli. Alizikumbuka kaya zaidi ya mia zilizobomoa majiko yao kwa sababu yeye alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia waamini. Akasaini ukurasa wa kwanza, wa pili, na wa tatu wenye uongo wa Sharifa, kwa herufi zilizonyooka, kama walivyomfundisha masista.

Wiki zilizofuata aliwaandikia wenzake viapo. Mmoja alisimamiwa na mkunga wake, mwingine na jirani aliyecheza naye utotoni, na majina yakaanza kurudi ubaoni moja moja. Kiapo chake alikiacha cha mwisho. Wazee wa kambi ya manamba walikuwa wamekufa, na waliobaki walirudi kwao vita vya Msumbiji vilipokwisha. Mtu aliyemjua Celia tangu kuzaliwa, na jina lake limo kwenye orodha, alibaki mmoja.

Alimkuta Sharifa uani akibangua korosho, mikono amejipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya ubao. Sharifa alimsogezea kigoda, Celia akabaki amesimama.

"Nimekuja unisimamie kiapo," alisema.

Sharifa alijibu huku akibangua. Alisema siku ile ya Jumatano karani mmoja pale ofisini alimnong'oneza ile safu itatumikaje, akamwambia afunge mdomo. Aliogopa. Ana watoto sita. Alinunua wembe dukani, akakaa nyuma ya ofisi, akakwangua.

"Wangu ulikuwa chini yako tu," Celia alisema. "Mstari mmoja."

"Miwili ingeonekana, shoga. Nilijaribu kufikiri. Miwili ingeonekana."

"Na mdomo je? Ulinipikia uji wiki nzima."

 Sharifa alisema tu kwamba kiapo hakiwezi. Akisimama mbele ya hakimu akasema yeye na Celia wamezaliwa nyumba za mstari mmoja, kwenye kambi ya watu wa ng'ambo, watamgeukia yeye. Watamuuliza maswali. Watalifungua tena daftari. Alisema na machozi yakamtoka, na Celia akaona ni machozi ya kweli, jambo lililomuudhi zaidi.

Angeweza kumtukana. Alikuja na matusi yake tayari, ya Kimakonde, yale ya kambini. Badala yake alisimama sawa, kama alivyokuwa akisimama mlangoni mwa kila nyumba.

"Kwenu wapi, Sharifa?"

Sharifa aliinua uso. Alitazama mlango, akatazama uani kwa jirani kama kuna mtu anayesikia. Kisha akainama kwenye korosho zake.

"Newala," alisema.

"Ahsante," Celia akamwambia. "Mungu akuweke."

Akatoka kwa barabara mpya, akipita palepale lilipokuwa jiko lake.