Taa za Ulaya kwenye Dodge ya Ladislas

Mama Marie-Jeanne hakuwa mtu wa maneno mengi. Ladislas alipokwenda kwake Point, Durban, kumposa binti yake Aurélie, mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai, kisha akasema, "Kijana, ile motokari yako inaona mubaya. Papa Aurélie alikufaka kwetu njia ya Uvira, sababu ya phare, taa za mbele za vile. Phare kwanza, ndoa nyuma."

Hakumwonea. Ile Dodge ililetwa na baharia Mmarekani, usukani kushoto, nayo ilikuwa rika moja na Ladislas. Mwanga wa taa zake mbili za mviringo ulifaa kutafutia ufunguo ulioanguka, si kuendeshea gari. Ladislas alikuwa amejifunza umeme wa magari Bujumbura, na kichwa kilimvimba huko huko. Akampigia simu kaka yake aliyeko Ubelgiji, na taa za kisasa zikaja zimeviringishwa kwenye blanketi, zile ambazo balbu ikiungua unabadilisha balbu tu.

Juni hiyo ya mwaka tisini na nane alizama chini ya boneti siku nzima. Waya mkongwe ulipitia swichi ya dashibodi, na umeme ulifika mbele umechoka. Akavuta waya mpya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na rilei mbili za kubeba mzigo, swichi ya zamani akaiachia kazi ya kuziamsha tu. Giza lilipoanza kuingia akawasha mbele ya ukuta. Mwanga ulinyooka kama umepigiwa rula, kisha upande wa kulia ukapanda juu kidogo. Ladislas nusura alie kwa furaha. Ndivyo taa nzuri zilivyokuwa kwao: ule mwanga wa kulia ni wa kumwonyesha dereva watembea kwa miguu kando ya barabara.

Mazoea yana taabu, jamani.

Kesho yake jioni akampakia Mama Marie-Jeanne kumpeleka mazoezi ya kwaya Sydenham. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, mama alikaa kulia, pale ambapo Durban nzima hukaa dereva. Hawajafika mbali, gari lililokuja mbele yao likawawashia taa full. La pili likapiga honi, dereva akitikisa mkono dirishani. Mama akainua mkono, akapunga. Walipoingia Berea Road hakuna aliyepita bila kuwamulika, na mama sasa alipunga kwa mikono miwili, taratibu, kama mke wa rais. Ladislas alitabasamu peke yake. Watu wa mji huu, aliwaza, wanajua kitu kizuri wakikiona.

Kwenye robot, taa za kuongozea magari, walipokuta nyekundu, dereva wa taxi aliyewaelekea alitoa kichwa dirishani, mkono umekinga macho. Alimfokea mama, akidhani ndiye dereva: kwanza ashushe taa, pili ashike usukani.

Hapo ndipo Ladislas alipoelewa. Durban watu hupita kushoto. Ule mwanga wake wa kulia haukumwonyesha mtembea kwa miguu hata mmoja. Ulikuwa ukiwachoma macho wanaokuja. Na mama huyo hapo, uso unang'aa, amesalimiwa na mji mzima. Angenyamaza, posa ingepita. Lakini akaikumbuka njia ya Uvira, akaona aibu, akaegesha kando.

"Mama Aurélie, nisamehe. Hawakuwa wanatusalimia. Hizi taa ni za nchi za kupita kulia. Nimewapofusha watu njia nzima."

"Minajua banakasirika," mama akasema. "Mutu anasalimiaka na ngumi? Nilikuwa nangoja weye mwenyewe useme."

"Sasa mama, ulikuwa unapunga nini?"

"Nilikuwa naomba pardon. Mukwe wangu banamutukana njia yote, na yeye anacheka tu. Mutu moja alipashwa kuomba."

Ladislas alishuka. Akatoa tepu nyeusi mfukoni, akaziba kwenye kila taa kile kipande cha kioo kinachorusha mwanga juu. Akazima taa, akawasha, akatazama kwenye ukuta wa jirani, akazima tena. Alirudi kwenye usukani akiimba, akatia gia, akaingia barabarani gizani.

Mama Marie-Jeanne alimgusa bega.

"Phare kwanza, mukwe."