Vipimo vya Gredi ya Kumi

Wavinya alitandaza kitambaa cha sketi ya kwanza mezani, akashika chaki, akafungua simu atazame kiuno cha msichana wa kwanza. Skrini ilikuwa nyeupe. Katikati palikuwa na maneno mekundu: Mwezi wako wa bure umeisha. Lipa ili uendelee.

"Ann, hebu kuja uone hii kitu."

Ann, aliyeshona naye kwa cherehani ya pili, alikuja na pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusema.

"Si Nzomo alisema ni mwisho wa mwezi?"

"Mwezi wao. Walianza kuhesabu siku ile tulijaza fomu."

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Jumatatu, shule ya wasichana ya upande wa Kathiani ilitaka sketi arobaini na tatu za Gredi ya Kumi. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ameshamwonya: zikichelewa, kazi inaenda kwa kiwanda cha Nairobi, na hairudi tena Machakos. Vipimo vya wasichana wote vilikuwa ndani ya ile programu ya simu waliyoletewa na Nzomo, kijana wa mauzo.

"Na daftari?" Wavinya aliuliza, ingawa alijua.

Ann alitazama ukutani. Paterni za kola zilining'inia kwenye msumari, zimekatwa kutoka karatasi za daftari zenye mistari. Kwenye moja palisomeka "Mutindi, kiuno 27, nyo", halafu mkasi ulikuwa umepita. Karatasi zingine zilikuwa zimeshatumika kufuta mafuta ya mashine.

"Uliniambia haina kazi tena."

"Nilikuambia," Wavinya alisema.

Alimpigia Nzomo. Alishika mara ya tatu.

"Sasa, madam."

"Poa. Nzomo, nifungulie dakika kumi tu ninakili vipimo."

"Mimi siwezi. Ni mfumo umefunga. Ukilipa inajifungua yenyewe. Ni elfu tatu mia tano kwa mwezi, na mnaanza na miezi sita pamoja."

"Hiyo ya miezi sita hukusema."

"Iko kwa fomu."

"Lakini hizo vipimo ni zangu. Nilipima na mikono yangu."

"Ni zako kabisa. Hakuna mtu amechukua. Ziko tu."

"Ziko wapi?"

"Klaudi, madam. Nilikueleza. Kwa kompyuta kubwa, mbali na duka. Hata duka iungue, ziko."

Alikuwa amemweleza, na hakudanganya. Wiki ya pili simu ya Wavinya ilitumbukia kwenye karai la maji, na vipimo vyote vikaonekana kwa simu ya Ann kama vilivyokuwa. Lakini Jumanne stima ilipopotea kutwa nzima, waliishiwa na chaji, kazi ikasimama. Kitu chenyewe kilikuwa kizuri. Kilimtaka tu mtu ambaye hakosi stima, wala pesa za kila mwezi.

"Tukope tulipe," Ann alisema. "Tukipoteza hii kazi tutashona nini?"

"Na hiyo miezi sita ikiisha wafunge tena? Nitakuwa napiga simu kuomba viuno vya watoto mpaka lini?"

Alivaa tepu shingoni akaondoka.

Langoni, askari wa shule, Mzee Ndolo, alimpigia simu naibu. Naibu huyo, Bwana Bartholomew, alikuja polepole, akasimama ndani ya lango.

"Mama, hawa wasichana walipimwa. Nilikatiza somo la hesabu kwa sababu yako."

"Ni kweli, mwalimu. Vipimo vimefungiwa. Nipe nusu saa."

"Si wewe ulituandikia barua kwamba sasa uko kwa klaudi? Nikaisoma mbele ya kamati. Basi tumia hiyo klaudi." Akageuka. "Watu wa kiwanda hawangekuja hapa na tepu shingoni."

Wavinya alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya lango mpaka saa kumi. Wasichana wa kutwa wa Gredi ya Kumi walipotoka, alisimama, akamshika wa kwanza mkono.

"Fundi, kwani ulitupoteza?"

"Simama wima. Usivute tumbo."

Walicheka, lakini walipanga foleni. Aliandika kwenye karatasi ya kaki aliyoiweka juu ya goti.

"Mwaitu, mama yangu, hapa hairuhusiwi," Mzee Ndolo alisema.

"Hapa ni barabara, mzee."

Mzee Ndolo aliwaza, kisha akageuza kiti chake kikatazama madarasa.

Wa kutwa walikuwa ishirini na watano. Kumi na wanane wa bweni walikuwa wamekuja kwenye ua wa shule, wameshika waya kutoka ndani. Wavinya alipenyeza tepu kati ya nyaya.

"Zungusha kiunoni. Mwenzako ashike hapo mwanzo. Mimi nitasoma."

Alikuwa amefika wa tisa mlango wa ofisi ulipofunguliwa. Bwana Bartholomew alikuwa anavuka uwanja, akiwanyooshea kidole. Wasichana walimtazama, wakamtazama fundi. Mmoja aliachia tepu.

"Ishike," Wavinya alisema, bila kuinua macho. "Ishirini na nane na nusu. Haya, mwingine."