Kipima Gesi cha Mzee Mokaya

Katika kikosi cha majitaka hapakuwa na mtu aliyependa kipima gesi, chombo kinacholia penye gesi ya kulipuka, kama Mzee Mokaya. Chake alikifuta kila asubuhi kwa polishi ya dashibodi mpaka kikang'aa. Kile cha akiba, kilichokaukiwa na matope, kilitupwa tu kwenye pikapu pamoja na majembe.

Siku hiyo alikuwa na haraka. Wageni wa posa ya binti yake, Mongina, wangefika saa nane, na huku Kapsoit bomba limeziba ndani ya shimo la majitaka. Alivaa mikanda ya usalama, akachukua mtaimbo, akateremsha kipima chake kwa kamba. Kimya. Sifuri.

"Shimo iko safi. Nashuka."

"Ngoja kidogo, mzee," akasema Rodah, msimamizi aliyeletwa juzi, rika la Mongina. "Hatujaijaribu mashine yako leo."

Mokaya alichemka. Miaka kumi na tisa mashimoni, leo afundishwe kazi na mtoto! "Hii mashine naitunza kama mboni ya jicho, Rodah. Na wageni wangu wako njiani."

Rodah alitoa mtungi mdogo wa gesi ya majaribio, akakipulizia kipima kinachong'aa. Sifuri. Akakipulizia kile cha matope: kikapiga yowe, wachuma chai ng'ambo ya barabara wakainua vichwa. Akakiteremsha shimoni. Kikapiga yowe tena.

"Mzee, yako unafuta na nini?"

Mokaya akatoa kopo mfukoni. Rodah akasoma maandishi. "Hii iko na silikoni. Imeua kile kidude cha kunusa gesi. Imebaki sura tu."

Mokaya aliutazama mtaimbo mkononi mwake. Cheche moja tu ingetosha. Akaketi nyasini, akaogopa kwelikweli wala hakuona haya. Kisha akaangua kicheko. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Waliwasha feni ya kutoa gesi shimoni, wakangoja karibu saa nzima kile cha matope kinyamaze. Mokaya alikikumbatia mapajani, na matope yake yote. Simu ikalia.

"Baba, wageni wamefika," Mongina alikuwa karibu kulia. "Wanauliza mbona mwenye nyumba hayuko."

"Wape chai, mama," akasema Mokaya, akilitazama shimo. "Waambie niko. Nimechelewa tu."