Makamu na Mlango wa Choo

Makamu wa shule alikuwa ameshawaona wakuu wanne wakija na kuondoka, na hakumpa hata mmoja heshima zaidi ya ile aliyolipwa mshahara aitoe.

Aliyemuudhi zaidi zamani alikuwa Filimbi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni na kuipuliza hata akiwaita walimu. Chini yake shule ilinyooka kama rula. Lakini dari la darasa la sita lilipoanza kubonyea, walimu watatu waliliona wakafyata mdomo, maana kumpelekea Filimbi habari mbaya ilikuwa ni kujitakia. Dari likaanguka Jumapili, madawati matupu, na yeye akawafokea wote kwa nini hawakumwambia.

Baada yake akaja Semina. Huyu alirudi kutoka mafunzoni na chati ya aina tano za uongozi, akaibandika ofisini, na kwenye “uongozi shirikishi” akachora mshale na kuandika: Mimi. Makamu aliposoma alitoka nje kwanza, ili asisonye mbele ya mkubwa wake.

Jumatatu moja mlango wa choo cha wasichana uling’oka bawaba. Semina akaitisha kikao.

“Wenzangu, mlango huu ni wetu sote. Mnaonaje?”

“Mimi naona umeng’oka,” alisema Makamu.

Walimu wakacheka. Semina akatabasamu kwa upole wake ule wa kuchefua, akageuka, akaandika ubaoni: Umeng’oka.

Jumanne ikaundwa kamati ndogo. Jumatano kamati ikaomba muda. Alhamisi Makamu aliwakuta wasichana wakienda chooni wawili wawili, mmoja amesimama nje ametandaza sweta kuwa pazia. Damu ikamchemka. Alichukua bisibisi na skrubu stoo, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, na kabla mapumziko hayajaisha mlango ulikuwa unafunga. Kesho yake Semina aliwashukuru walimu wote gwarideni kwa kutatua tatizo kwa pamoja.

“Mtu mzima hovyo,” Makamu alimwambia mumewe jioni ile. “Hata kupiga chafya anaomba kura.”

Mwezi uliofuata Semina aliitwa tena mafunzoni, wiki mbili, akamwachia Makamu ofisi. Hatimaye! Makamu hakupuliza filimbi wala hakuitisha kikao. Alifanya kazi. Aligonga kengele mwenyewe, akakagua madaftari mwenyewe, akagawa chaki moja moja. Mwalimu akinyoosha mkono kusaidia, jibu lilikuwa lile lile: “Acha, utaharibu.” Shule ikaenda kama saa, na yeye akawa anawatazama wenzake kama mtu anavyotazama viti vibovu.

Jumanne ya wiki ya pili homa ikamwangusha. Alijaribu kuamka, miguu ikakataa.

“Lala,” mumewe alimwambia. “Shule haina miguu, haitakimbia.”

Alhamisi alirudi akiwa bado anapepesuka. Kengele ilikuwa haijagongwa. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba, uliopaswa kufanyika jana, haukufanyika. Karatasi zilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wake. Walimu walikaa ofisini kama abiria waliochelewa gari.

“Watu kumi na wanne!” alifoka. “Hakuna hata mmoja mwenye akili ya kuvunja kufuli?”

Kisha mwalimu wa hesabu, binti aliyeajiriwa mwaka ule, akasimama.

“Samahani mama. Wiki iliyopita nililigusa kabati hilo, ukaninyang’anya ufunguo mbele ya wanafunzi wangu.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo tulikuwa tunakusubiri wewe.”

Makamu alipowatazama wote, aliona nyuso alizozijua: ni kama zile zilizolitazama dari la enzi za Filimbi likibonyea. Akatoa ufunguo.

“Chukua. Utasimamia wewe.”

Binti aliupokea kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto. Mtihani ulichelewa nusu saa. Karatasi za lugha zikachanganywa na za sayansi. Mwalimu mmoja alisahau kalamu, mwingine akasahau darasa lake ni lipi. Kutoka dirishani Makamu aliona yote, na kila dakika ilimpandisha presha. Ovyo kabisa, alijisemea. Ovyo! Mara mbili alifika mlangoni. Mara mbili alirudi akakaa, akakandamiza viganja vyake chini ya mapaja.

Saa saba binti aliingia na karatasi zimefungwa kama mzigo wa kuni, jasho linamtiririka, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

“Tumemaliza ya leo, mama.”

Makamu aliutazama ule mzigo kwa dharau ambayo hakujaribu kuificha.

“Vibaya,” alisema. “Kesho anzeni mapema.”