Siku za Rumande za Ndihokubwayo

Alhamisi moja ya Agosti 1974, Generosa aliteremka kwenye lori la maharage mbele ya mahakama, akajipangusa vumbi. Jumamosi binti yake Winifrida anaolewa kwao Busunzu, na wa kumkabidhi bibi harusi ni baba. Sasa baba asipokuwepo, wakwe watasemaje?

Baba mwenyewe, Ndihokubwayo, alikamatwa Januari na msokoto wa bhangi. Ilikuwa ya kuku. Kuku wake wakishikwa na mdondo hawasikii dawa nyingine. Kwa ajili hiyo amekamatwa mara tatu yeye, kuku hata mara moja. Kesi ikapigwa kalenda weee: leo gari la polisi halina petroli, kesho shahidi yuko Kasulu kwenye semina. Siku mia mbili na tatu zikaishia rumande.

Asubuhi hiyo siku zenyewe zilikuja kutoa ushahidi. Zilitoka rumande kwa miguu, kila moja kimo cha mbuzi, zikajibana kwenye mabenchi. Za Machi zilichuruzika maji, karani Stanislaus akazifokea zisimlowanishie majalada. Za Julai zilipiga chafya kwa vumbi. Ile siku ya kuhara ilikaa karibu na mlango, ikaachiwa nafasi bila kuomba.

"Zote zimefika?" aliuliza Hakimu Abdalah, mtu wa Tanga, ambaye kwa baridi ya huku alivaa sweta mbili.

"Mia mbili na tatu, Mheshimiwa. Moja imesinzia."

Hakimu akafungua rejesta. Makosa ya 1969 na 1972 yalikuwamo, kwa wino mzuri, pamoja na uzito wa bhangi.

"Mtu huyu hakomi," alisema. "Miezi sita."

Generosa alishusha pumzi. Miezi sita si ndiyo hii, na ziada juu? Akamsubiri mumewe ashuke kizimbani. Askari akatoa pingu.

"Mheshimiwa, na hizi je?" Generosa alisimama. "Si unaziona?"

"Naziona, mama, na zinanisikitisha. Ila rejesta haina mahali pa kuandika siku za rumande. Kifungo kinaanza leo."

Jamani! Makosa ya miaka mitano nyuma yanakumbukwa mpaka uzito, na siku zimekaa pale zinanuka uji wa rumande, hazina pa kuandikwa! Generosa alilia kwa sauti, hakumwonea haya mtu. Ndihokubwayo alimwambia tu, "Mama Wini, usiziache zilale njaa."

Kwa kuwa siku hazikuhukumiwa, ziliachiwa huru. Zikamfuata Generosa. Dereva alikataa kupakia zilizolowa, zikaenda kwa miguu.

Jumamosi ya harusi, zile Jumamosi ishirini na tisa zilifanya kikao, zikateua moja ya Mei, yenye adabu. Ikamshika Winifrida mkono, ikamkabidhi. Wakwe walisema baba mtu ni mfupi kidogo, lakini hana makuu.

Kesho yake Generosa alimpelekea mumewe chakula cha harusi. Jumapili zote za rumande zilimsindikiza hadi lango la gereza. Askari wa zamu alizisalimia moja moja, akiulizia afya. Alizijua tangu rumande. Kisha akatazama kitabu, akatikisa kichwa.

"Mama, rudi mwezi ujao. Mfungwa mgeni hatembelewi, na huyu ana siku nne tu."